Kurekodi Vipindi vya Televisheni Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Kifaa

Mwezi Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lingeacha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya mijadala ya Bunge, na kwamba badala yake yaliyojiri yangeoneshwa usiku, kuanzia saa nne, katika kipindi cha "Leo Katika Bunge". Uamuzi huo ulijadiliwa sana kwa upande wake wa kisiasa. Hapa tunagusa upande wake wa nyumbani: mkulima wa Bahi au Chamwino aliyeamka alfajiri kwenda shambani, saa nne usiku amekwisha kulala, ingawa Bunge lenyewe liko jirani naye hapa Dodoma. Muuguzi wa zamu ya usiku naye yuko kazini. Watu wa namna hii ndio wanaohitaji kifaa cha kurekodia, na ndio mara nyingi wanaouziwa kisichowafaa.

Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka deki ya kanda za video. Deki ilikuwa na uwezo wake yenyewe wa kunasa mawimbi, hivyo iliweza kurekodi kituo kimoja huku familia ikitazama kingine. Mwezi Januari 2013, Dodoma ilipozimiwa mitambo ya analojia, mwezi mmoja tu baada ya Dar es Salaam, deki hizo zilibaki bila mawimbi ya kunasa. Tangu hapo kila kitu kinapitia katika king'amuzi, au kisimbuzi kama wengine wanavyokiita. Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la kwanza dukani lihusu king'amuzi, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama utaweza kurekodi au la.

Ving'amuzi vingi vya antena na vya dishi vina tundu la USB na kitufe cha kurekodi kwenye rimoti. Ukichomeka flashi au diski ya nje, kipindi kinahifadhiwa humo. Kwa familia nyingi za nyanda zetu za kati hii ndiyo njia ya busara, kwa sababu kifaa kikuu tayari kipo nyumbani na kinachoongezwa ni flashi tu. Hata hivyo, tundu la USB peke yake si uthibitisho. Katika baadhi ya ving'amuzi tundu hilo ni la kuchezea muziki na picha au la kuboresha programu tu. Vingine hurekodi chaneli za bure lakini hukataa za kulipia. Vingine hurekodi kwa kufuli ya kidijitali, hata rekodi isiweze kufunguka kwenye kompyuta wala king'amuzi kingine. Siku king'amuzi hicho kikiungua, rekodi zote zimekwenda nacho.

Kuna dhana moja inayowagharimu watu fedha. Televisheni nyingi za kisasa zina tundu la USB, na baadhi zinaweza kurekodi. Lakini televisheni hurekodi kile inachokinasa yenyewe kwa antena yake tu. Picha inayotoka kwenye king'amuzi kwa waya wa HDMI haiwezi kurekodiwa kwa kuchomeka flashi kwenye televisheni, hata muuzaji aape.

Aidha, zipo mashine maalumu zenye diski kubwa ndani yake, kama DStv Explora, ambazo hurekodi chaneli zaidi ya moja huku ukitazama nyingine. Ni nzuri, lakini kurekodi huko kunaambatana na malipo ya kila mwezi. King'amuzi cha kawaida chenye USB hunasa chaneli moja kwa wakati mmoja, na unaporekodi mara nyingi unalazimika kutazama hiyo hiyo. Kwa kuwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku husomwa katika vituo zaidi ya kimoja kwa wakati uleule, nyumba yenye wapenzi wa vituo viwili itaendelea kugombea rimoti.

Kuhusu ukubwa wa flashi, saa moja ya picha ya kawaida huchukua takriban gigabaiti 1 hadi 1.5, na ya picha angavu (HD) gigabaiti 3 hadi 4. Flashi ya gigabaiti 32 basi yatosha saa 20 hadi 30 za picha ya kawaida. Flashi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, usiokubali faili moja kuzidi gigabaiti 4, na ndiyo sababu rekodi ndefu hukatwa vipande au husimama katikati. Fundi wa kompyuta anaweza kuibadili kuwa NTFS kwa dakika chache, iwapo king'amuzi chako kinausoma mfumo huo. Diski ya nje ina nafasi zaidi, lakini inakula umeme zaidi kuliko baadhi ya ving'amuzi vinavyoweza kuutoa. Ukisikia inagonga na kujizima, tatizo huenda si diski. Kwa wanaotumia sola, flashi ni salama zaidi.

Umeme unapokatika katikati ya kurekodi, faili laweza kuharibika lote. Tena ving'amuzi vingine vikirudishiwa umeme huwa vimezima na kusahau saa, na kazi uliyovipangia haifanyiki. Saa yenyewe ina mtego wake: king'amuzi huhesabu saa 24, sisi huhesabu kuanzia mapambazuko. Kipindi cha saa nne usiku huandikwa 22:00. Anayeandika 04:00 atarekodi saa kumi alfajiri. Hakikisha pia kwamba kimewekwa katika saa za Afrika Mashariki, yaani GMT+3.

Wapo wanaotaka kumrekodia mgonjwa Misa ya Dominika ili aitazame baadaye. Nia ni njema. Ikumbukwe tu kwamba amri ya Vatikani ya tarehe 25 Machi 2020 kuhusu Juma Kuu wakati wa UVIKO-19 ilitaja matangazo ya moja kwa moja, yasiyorekodiwa, kwa kuwa mgonjwa husali pamoja na jumuiya katika saa ileile inayosali. Kwake, basi, ni heri kuwasha televisheni kwa wakati. Mahubiri na mafundisho ndiyo yanayofaa kurekodiwa. Kisheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatoa nafasi ya nakala kwa matumizi binafsi ya mtu. Kuionesha rekodi ya mpira kwa kiingilio katika kibanda umiza ni jambo jingine kabisa.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na flashi yako. Omba king'amuzi kiunganishwe, rekodi dakika kumi za chaneli unayoikusudia, kizimwe, kiwashwe, kisha rekodi ichezwe mbele yako. Halafu ichomeke flashi hiyo kwenye kompyuta yoyote iliyo karibu. Muuzaji akikataa jaribio hili, maduka ya vifaa vya umeme mjini Dodoma ni mengi.