Dakika Mbili za Khedive Ismail

Kuna ukuta wa majina ya askari wasio na kaburi Ngong Road, Nairobi, ndani ya makaburi ya vita. Nilikuwa nasoma majina tu, nikafika kwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, nikaona hayaishi. Mpiga mizinga hupigana akiwa mbali na adui. Walikufaje wengi hivi, na bila hata kaburi?

Jibu liko baharini. Khedive Ismail, meli ya abiria ya mwaka 1922 iliyogeuzwa kuwa ya kubeba askari, iling'oa nanga Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo ikiwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga. Walikuwamo pia wauguzi. Jumamosi tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliifumua kwa topido mbili. Ilizama kwa dakika mbili hivi.

Dakika hizo ndizo zilizonipeleka Mombasa, kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyezeekea katika vyumba vya injini za meli. Aliniambia nijilaze mkekani, nifumbe macho, yeye ahesabu. Moja mpaka kumi, alisema, bado unajiuliza kishindo kile ni cha nini. Taa zimezimika. Ishirini, meli imelala ubavu. Ngazi uliyoizoea si ngazi tena, na mbele yako ni migongo ya wenzako. Thelathini, maji yanaingia kwa mlango ule ule unaoutaka wewe. Kutoka hapo akahesabu kimya kimya, kwa kugonga kidole sakafuni. Alipofika mia na ishirini nilikuwa nimelala pale pale.

"Na hujavaa hata boya, mwanangu," akasema.

Nikamsimulia yaliyofuata. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari Petard, iliyokuwa ikiulinda msafara wa meli hiyo, ikadondosha mabomu ya kulipukia majini papo hapo walipo. I-27 ikalazimika kuibuka, ikazamishwa. Waliopona ni 214, sita kati yao wanawake. Waliokufa ni 1,297.

Angekuwa yeye nahodha wa Petard, angefanya nini? Mzee alikaa kimya kitambo. Kuiacha nyambizi ni kuziweka hatarini meli nne za msafara zilizobaki. Kuipiga ni kuwaua wanaokupungia mikono wakiamini umekuja kuwaokoa. Hakuchagua.

Alitaka kujua jambo jingine: kule bara, ni nani aliyekwenda kupiga hodi kwa wazazi wa wapiga mizinga wale, na aliwaambia nini?