Kulea Tumbo Baada ya Maradhi ya Kuhara



Mara nyingi twaletewa habari katika chuo chetu hapa Tingi kwamba mtoto fulani hakuja kwa sababu tumbo lamwendesha. Baada ya siku tatu au nne mtoto hurudi, uso umemnyauka na shingo imekuwa nyembamba, naye hukaa mkekani pamoja na wenzake. Wazazi husema amepona, nasi twasema alhamdulillahi. Kisha halipiti juma moja au mawili ila mtoto yule yule ameanguka tena.

Katika masika moja jambo hili lilitupata kwa namna ambayo hatutaisahau. Mwanafunzi wetu wa miaka tisa aliugua kuhara damu. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi chuoni. Siku ya kumi na moja akaugua tena, na mara hii ikabidi abebwe usiku kupelekwa hospitali, hawezi hata kusimama. Tulipokwenda kumtazama, mganga alituuliza watoto wa chuo wanywa maji gani. Tuliona haya kumjibu. Maji yetu yalikuwa ya mtungi, yametekwa mtoni bila kuchemshwa, na kata ilikuwa moja, kila mtoto akiitumbukiza pamoja na vidole vyake. Hatuwezi kuapa kwamba maradhi yalimrudia kwa kata ile, lakini wala hatuwezi kuapa kwamba siyo. Mtoto alipona kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Sisi tukaona yatupasa kujifunza, na tuliyojifunza kwa waganga ndiyo twapenda kuwaeleza.

Jambo la kwanza ni kwamba kukoma kuhara si kupona. Ndani ya matumbo ya mwanadamu mna bakteria wengi mno, na walio wengi si adui. Husaidia kusaga chakula, na kwa kuwa wameijaza nyumba, huwanyima wabaya mahali pa kukaa. Tena ukuta wa utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo sana, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Maradhi ya kuhara huvidhuru vinyweleo hivi, au, kama ilivyo katika kuhara damu, huutia vidonda ukuta wa utumbo mpana. Bakteria wema nao hupungua. Basi kuhara kunapokoma, vita vimekwisha lakini nyumba zilizobomoka hazijajengwa, na adui akirudi wakati huo hukuta mlango u wazi.

Ujenzi huo wataka chakula. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mwenye kuhara anyimwe chakula ili tumbo lipumzike. Hili ni kosa, na kwa mtoto ni kosa la hatari. Anyonyaye aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliyekwisha kuanza kula apewe chakula laini kidogo kidogo: uji, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, wali laini, samaki au dagaa waliopikwa vizuri. Maji yanayotoka mwilini yarudishwe kwa paketi ya ORS iliyokorogwa katika lita 1 ya maji safi. Paketi ikikosekana, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita hiyo, kwa kipimo cha kijiko kilichosawazishwa, wala msizidishe chumvi. Mtoto hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, naye amalize siku hizo hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, kwa kuwa zinki husaidia kuukinga mwili usirudiwe upesi. Baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili. Maziwa ya ng'ombe yakimletea gesi na kuhara tena, yaachwe kwa muda. Mtindi aghalabu humkalia vizuri zaidi.

Hapa hatuna budi kuitaja togwa, kinywaji cha wazee wetu wa Ruvuma. Uji wa mahindi au ulezi ukishapoa ukawa vuguvugu, hutiwa unga wa kimea na kuachwa usiku kucha katika chombo safi kilichofunikwa. Kimea huulainisha uji, na bakteria wema huuchachusha, na uchachu ule huwazuia bakteria wa maradhi kuzaana. Wataalamu wa lishe hapa Tanzania wameichunguza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watoto wenye umri chini ya miaka 5 walinyweshwa togwa mara moja kila siku kwa siku 13, na wale walioonekana kuwa na bakteria wa maradhi katika kinyesi walipungua.

Huenda msomaji akauliza: je, togwa si pombe? Togwa changa hailevi. Lakini ikiachwa siku nyingi hugeuka kuwa kileo, na kilevi ni haramu, kingi chake na kichache chake. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitiliwa zabibu katika maji, akayanywa yakiwa mapya, na ikipita siku ya tatu yaliyobaki humwagwa. Basi na tuutazame mfano huo: togwa ipikwe kidogo, inywewe ingali changa, na iliyokaa imwagwe. Tena Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiwaagizia wagonjwa uji mwepesi wa shayiri uitwao talbina. Kumlisha mgonjwa uji si jambo la leo.

Jambo la pili ni dawa. Kuna desturi mbaya ya kwenda dukani na kununua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki kila tumbo likiunguruma, au kugawana dawa ya jirani iliyobaki. Kuhara kwingi hakuhitaji dawa hizi. Kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu kikali huzihitaji, lakini kwa kipimo na siku alizoandika mganga, nazo zimalizwe. Dawa hizi huua bakteria wema pamoja na wabaya, na zikitumiwa ovyo huwafanya wabaya kuwa sugu. Katika hospitali za Uingereza na Marekani wagonjwa wengi waliotumia antibayotiki wamepatwa na kuhara kukali kunakoletwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hustawi pale bakteria wema walipofagiliwa. Na hata baada ya kutibiwa, takribani mmoja katika kila watano hurudiwa. Hilo latuonyesha thamani ya jeshi lile dogo alilotuwekea Muumba wetu matumboni.

Wapo pia wanaobaki miezi mingi tumbo likijaa gesi na kusokota, ingawa vipimo havionyeshi mdudu yeyote. Hawa wahitaji subira na chakula cha taratibu, wala si kuongeza antibayotiki. Lakini mgonjwa aliyekuwa na homa ya matumbo, homa ikimrudia hata baada ya majuma mawili au matatu, arudi akapimwe, kwa sababu maradhi hayo yana tabia ya kurudi. Hali kadhalika damu ikionekana tena, au macho yakididimia, au mtoto akishindwa kunywa, msingoje asubuhi.

Jambo la tatu ni njia ya maradhi yenyewe. Bakteria hawa hutoka katika kinyesi na kuingia kinywani, kwa maji, vidole, nzi na chakula. Aliyepona kuhara aweza kuwa angali anawatoa kwa siku au majuma kadhaa, na wachache waliougua homa ya matumbo huwabeba mwaka mzima na zaidi, nao wajiona wazima kabisa. Kwa hiyo aliyetoka kuugua asiwapikie wengine mpaka awe mzima kweli, na kila mtu anawe kwa sabuni atokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Sisi Waislamu twastanji kwa maji, na hilo ni jema. Lakini mkono uliostanji wataka sabuni baada yake. Kadhalika maji ya udhu tunayosukutulia huingia kinywani. Yakiwa ya mto uliochafuka wakati wa mvua, mtoto atokaye ugonjwani atengewe yaliyochemshwa.

Tena Ramadhani ikimkuta mtu mzima angali dhaifu kwa kuhara, asijikalifishe. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Tumewaona watu wakifunga siku ya pili tu baada ya kutoka hospitali, na siku ya tatu wamerudishwa huko.

Katika chuo chetu sasa mtungi umeondolewa. Tuna ndoo yenye kifuniko na bomba, maji huchemshwa jioni kwa zamu za wazazi, kila mtoto huja na kikombe chake, na nje ya choo twaning'iniza kibuyu chirizi na kipande cha sabuni. Gharama yake yote haikufikia nauli na dawa za usiku ule mmoja. Na mtoto arudipo kutoka ugonjwani, twamwuliza mzazi wake maswali matatu: je, amemaliza dawa yake, je, ameongezewa mlo, na je, nyumbani wachemsha maji? Twawaomba walimu wenzetu na wazazi wote wayaulize hayo hayo.

Wabillahi tawfiq.