Pikapu zilizolazwa chini, na wazee wanaozililia

Huku kwetu mtu akinunua pikapu, jambo la kwanza analomwambia fundi ni aongeze springi za nyuma. Njia za mashambani zina mashimo, na mzigo wa nazi au simiti hauna huruma. Vijana wa kusini mwa California walichukua pikapu hizo hizo, Datsun, Toyota na Mazda, wakafanya kinyume: wakazishusha mpaka zikakaribia kulamba lami. Leo wengi wao wana mvi, na ukiwasikia wakisimulia miaka ya 1970 na 1980 utadhani wanamtaja marehemu.

Kisa chenyewe kina kuku ndani yake. Mwaka 1964 Marekani ilitoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo ya kutoka nje, kulipiza kisasi baada ya Ulaya kuwekea vikwazo kuku wa Kimarekani. Waagizaji wakapata upenyo: pikapu ikashushwa bandarini bila bodi ya nyuma, ushuru ukawa asilimia 4 tu, bodi ikafungwa baadaye. Mwanya huo ulizibwa mwaka 1980, lakini magari yalikuwa yameshajaa mitaani, na yaliyotumika yalikuwa rahisi kwa kijana wa kibarua.

Tena yalikuwa mepesi kushusha. Nyingi hazikuwa na springi za mviringo mbele, bali fimbo ya chuma inayojinyonga. Ukilegeza bolti yake, pua inainama. Nyuma, springi zilipita chini ya ekseli, kwa hiyo kipande cha chuma kikiwekwa katikati, gari linashuka. Spana, jeki, rafiki wa kukushikia tochi, na Jumamosi moja. Wazo lenyewe walilikuta kwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, waliokuwa wakilaza sedani zao tangu zamani.

Hapo ndipo penye uchungu wao, kwa maoni yangu. Hawalilii chuma. Wanalilia wakati ambapo ungeharibu kitu ukajifunza bila kufilisika. Baadaye zikaja pampu za mafuta za kuchezesha bodi ya nyuma, mifuko ya hewa badala ya springi, na sakafu kukatwa ili bodi ishuke juu ya fremu mpaka iguse chini. Kazi nzuri kutazama, ila inataka fundi hodari wa kuchomelea na mfuko mzito.

Kumbukumbu huchagua, lakini. Huwasikii wakitaja tairi zilizolika upande wa ndani, mgongo uliouma, wala fremu iliyokatwa ovyo. Wala polisi: sheria ya California ya mwaka 1958 ilikataza gari lililogeuzwa kuwa na sehemu iliyo chini kuliko rimu zake. Ilifutwa kuanzia Januari 2024.

Wamefunguliwa mlango nyumba ikiwa tupu. Jarida lao, Mini Truckin', lilifungwa mwaka 2014. Pikapu mpya za Marekani zimekuwa kama matingatinga, na Datsun iliyokuwa gari la kibarua sasa inatafutwa na wenye pesa. Hapa kwetu, ikionekana moja ya zamani, bado inapakiwa nazi, na springi zake za ziada ziko pale pale.