Foleni ya Chakula Juani Siku za Nane Nane

Kila ifikapo mwanzoni mwa mwezi Agosti, wakazi wa kata mbalimbali za mikoa ya Lindi na Mtwara hufunga safari kwenda Viwanja vya Ngongo, mjini Lindi, kushuhudia Maonesho ya Nane Nane. Wapo wanaokwenda kutazama mbegu bora na zana za kilimo, wapo wanaopeleka mazao na mifugo yao, na wapo, wala si aibu kulisema, wanaokwenda kutembea tu na watoto. Wote hao, ifikapo saa saba mchana, hukutana mahali pamoja: kwenye foleni ya chakula, jua likiwaka.

Foleni hiyo imezoeleka kuhesabiwa kuwa kero ndogo ya siku moja. Kwa kijana mwenye afya njema huenda ni hivyo. Kwa mama mjamzito, mzee mwenye shinikizo la damu, mgonjwa wa kisukari ambaye hajatia kitu kinywani tangu alfajiri, au mtoto aliyebebwa mgongoni, kusimama juani nusu saa bila maji ni hatari ya kweli. Makala hii inaeleza kwa nini foleni hurefuka, namna ya kuikwepa au kuipunguza makali, na hatua za kuchukua mtu anapozidiwa na joto.

Tatizo hili si la viwanja vyetu peke yake. Tarehe 17 Julai 1955, bustani ya burudani ya Disneyland ilifunguliwa huko Anaheim, jimbo la California nchini Marekani. Siku hiyo joto lilikaribia nyuzi 38. Watu wengi waliingia kwa kadi za mwaliko za kughushi, hivyo idadi ikazidi kwa mbali ile iliyotarajiwa. Kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba, wenye bustani walilazimika kuchagua kati ya kukamilisha vyoo na kukamilisha mabomba ya maji ya kunywa, nao wakachagua vyoo. Lami ilikuwa mbichi kiasi kwamba visigino vya viatu vya akina mama vilididimia, na migahawa ikaishiwa chakula mchana kweupe. Bustani iliyoanza kwa aibu hiyo ndiyo ambayo baadaye ilikuja kutazamwa duniani kote kama shule ya kupanga foleni. Yaliyosumbua siku ile, yaani joto, uhaba wa maji na umati kufika kwa wakati mmoja, ndiyo yanayosumbua katika uwanja wowote wa maonesho.

Watu wengi hudhani foleni husababishwa na wingi wa watu tu. Hesabu inaonyesha vingine. Mwaka 1909, mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alichapisha kazi yake kuhusu simu zilizokuwa zikipigwa kupitia mitambo ya Copenhagen, na kutokana na kazi hiyo ukazaliwa ujuzi mzima wa kukokotoa foleni. Tuchukue mfano wa banda la mama lishe linaloweza kuhudumia watu 60 kwa saa. Wakija wateja 50 kwa saa bila mpangilio, kwa wastani mtu atatumia dakika 6 tangu anapofika hadi anapopokea sahani. Wakija 55, dakika hizo huwa 12. Wakija 58, hufika 30. Wateja wameongezeka wanane tu, lakini muda wa kusubiri umekuwa mara tano. Foleni haikui hatua kwa hatua. Hujikusanya kimya kimya, kisha huvimba ghafla pale huduma inapokaribia kuzidiwa.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa faraja. Mama lishe huyo akimpata msaidizi mmoja, huduma ikapanda kutoka watu 60 hadi 70 kwa saa, wateja wale 58 hawatasubiri tena dakika 30 bali 5. Kijana mmoja wa kupokea fedha na kurudisha chenji, kwa saa mbili tu za mchana, anaweza kufanya kazi ambayo banda la pili lisingeifanya vizuri zaidi. Mara nyingi kinachochelewesha si upishi, kwa maana wali umekwisha kuiva. Kinachochelewesha ni mteja anayefika mbele ndipo aulize bei, noti kubwa inayotafutiwa chenji banda la jirani, au muamala wa simu unaosubiri ujumbe wa uthibitisho wakati watu 20 wamesimama. Ubao wa bei ukiwekwa katikati ya foleni badala ya mezani, na mtu mmoja akipita kupokea fedha kabla mteja hajafika mbele, sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo huondoka. Vilevile, penye wahudumu wawili ni afadhali pawe na foleni moja inayogawanyika mbele, ili asiwepo anayekwama kwa bahati mbaya ya kuchagua mstari usiosogea.

Mwananchi naye anaweza kupima foleni kabla ya kujiunga nayo. Atazame kwa dakika 5 ni wangapi wanaondoka na sahani zao. Wakiondoka 7, na mbele yake wapo 28, ajue atasubiri kama dakika 20. Kujua hivyo ni nafuu peke yake. Mwaka 1985, David Maister, mwalimu wa masuala ya biashara nchini Marekani, aliandika kwamba kusubiri usikojua mwisho wake huhisiwa kuwa kurefu kuliko kusubiri kunakojulikana, na kusubiri kusikokuwa na haki hurefuka zaidi. Aliyewahi kuona mtu akichomekea mbele yake saa saba mchana hahitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Dawa ya kwanza ya foleni ni saa. Umati hufika kwenye mabanda kati ya saa sita na nusu na saa nane, na siku ya kilele hufika wote kwa mkupuo, mara tu mgeni rasmi anapomaliza hotuba yake. Familia inayokula saa tano, au inayobeba viazi, mihogo au mikate ya kutuliza njaa hadi saa nane na nusu, huepuka sehemu kubwa ya adha. Kwa anayekula kwa kuchelewa ipo tahadhari moja. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kwamba chakula cha moto kihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 60. Wali ulioivishwa saa nne na kuachwa wazi kwenye sinia hadi saa tisa umevuka kipimo hicho kwa mbali. Mlaji asione haya kuomba chakula kinachofuka moshi. Wapishi nao wanashauriwa kupika kidogo kidogo mara kadhaa, badala ya kupika chote asubuhi kwa hofu ya umati.

Dawa ya pili ni kivuli, na hapa kuna jambo ambalo wajenzi wa mabanda hulisahau. Husemwa kwamba mchana jua liko utosini. Kwa kweli, mwanzoni mwa Agosti jua la mchana, kwa mtu aliyesimama Lindi, liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo kivuli cha banda huangukia kusini. Banda lenye urefu wa mita 3 kwenda juu hutoa kivuli cha takriban mita 1 na nusu ifikapo saa sita na nusu, upana unaotosha mstari wa watu. Msimu huo huo ndio wa kusi, upepo utokao kusini na kusini-mashariki. Banda linalofungua dirisha lake la huduma upande wa kusini, na kuweka majiko ya mkaa upande wa kaskazini, huwapa wateja kivuli na upepo kwa pamoja, tena moshi na fukuto la majiko vikaelekea kwingine. Banda lililogeuzwa kinyume huwaweka wateja hao hao juani, wakipulizwa moshi usoni. Turubai lina gharama, lakini kugeuza banda kabla ya kuchimbia nguzo hakuna gharama yoyote.

Dawa ya tatu wakazi wa vijijini wanaifahamu kuliko mtaalamu yeyote. Kwenye kituo cha kuchotea maji, ndoo hupangwa mstari na wenye ndoo hukaa chini ya mwembe wakizungumza. Ndoo ndizo zinazopanga foleni. Hakuna anayepoteza zamu, wala hakuna anayeungua jua bila sababu. Mwaka 2017, bustani za Walt Disney World katika jimbo la Florida zilianzisha utaratibu wa mgeni kuagiza na kulipia chakula kwa simu, kisha kuitwa kinapokuwa tayari. Kwa gharama kubwa ya teknolojia, wamefika palipokuwa pamefikiwa na ndoo. Mama lishe hahitaji programu ya simu. Vipande vya boksi vilivyoandikwa namba 1 hadi 50 kwa kalamu ya wino mzito, mabenchi chini ya mti, na sauti ya kuita namba vinatosha. Mteja hulipa, hupewa namba, hukaa. Zahanati na vituo vya afya hutumia namba za aina hiyo kila siku.

Pale ambapo hakuna namba wala kivuli, familia igawane zamu: mmoja asimame, wengine wakae na watoto mahali penye ubaridi, na wabadilishane kila baada ya dakika 10 au 15. Kofia pana, mwavuli au kanga kichwani husaidia, na nguo nyepesi za kupwaya ni bora kuliko za kubana. Kila mmoja awe na chupa yake ya maji kutoka nyumbani, na anywe kidogo kidogo kabla ya kusikia kiu. Kwa wanaofanya kazi kwenye joto hushauriwa kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, na kipimo hicho kinamfaa pia anayesimama juani. Madafu ni mbadala mzuri. Pombe si mbadala, kwa sababu huuongezea mwili upungufu wa maji. Anayesimama kwa muda mrefu asitulie kama mlingoti. Apige hatua, ainue visigino na kuvishusha, kwani damu ikituama miguuni ndipo watu huanguka kwa kuzimia. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa abebe biskuti au kitu kitamu mfukoni, wala asiitegemee foleni imlishe kwa wakati.

Dalili za kuzidiwa na joto huanza polepole: kichwa kuuma, kizunguzungu, jasho jingi, kichefuchefu, misuli kukaza, mwili kulegea. Mtu wa namna hiyo aondolewe foleni mara moja, hata kama amebakiza wawili mbele yake. Alazwe kivulini, miguu iinuliwe kidogo, nguo zilegezwe, apepewe, afutwe kwa kitambaa chenye maji, na anyweshwe maji taratibu ikiwa anaweza kumeza. Maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini yanafaa. Yasipopatikana ya pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi hufanya kazi hiyo.

Ikiwa mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anapata degedege, amepoteza fahamu, au mwili wake unachoma kama moto, hali imekwisha kuwa mbaya zaidi. Joto la mwili linapofika nyuzi 40, ubongo na viungo vingine huanza kudhurika. Hapo asinyweshwe kitu chochote kwa mdomo. Amwagiwe maji mwili mzima papo hapo, apepewe bila kukoma, na wakati huo huo mtu mwingine akimbie kuita wahudumu wa afya walioko uwanjani. Kupooza mwili kusisubiri gari. Watoto wadogo hufika hatua hiyo haraka kuliko watu wazima, na aliyefungwa mgongoni kwa kanga nzito hupata joto la mama na la jua kwa pamoja, naye hawezi kusema.

Wajasiriamali wa chakula wanaokusudia kwenda Ngongo waonane mapema na Afisa Afya wa Kata kwa ajili ya upimaji wa afya na ushauri wa usafi wa banda, na wafike uwanjani kabla nguzo hazijachimbiwa ili wakubaliane na majirani zao ni upande gani madirisha ya huduma yatatazama. Kata ambazo wakazi wake husafiri kwa pamoja kwa basi zinaweza kukubaliana, kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata, saa ya kula iliyo nje ya msongamano, pamoja na mti au turubai la kukutania wazee na akina mama wenye watoto wachanga.