Mlima, gorila na ziwa: kwa nini safari haipiti tena Munigi

Miaka kidogo nyuma, mgeni alikuwa anaunganisha vitu vitatu huku kwetu kwa siku tano tu: gorila wa milimani kule Bukima, Rutshuru, kisha Nyiragongo, halafu kupumzika kwenye kisiwa cha Tchegera, Ziwa Kivu. Gari lilipita Munigi asubuhi kuelekea Kibati, ambako wapagazi walikuwa wanangojea. Kupanda mpaka mita 3,470 kulichukua kama saa tano. Watu walilala huko juu, na baridi yake yote, ili waone lava ikichemka usiku.

Bei nayo ilivuta. Kuona gorila Virunga kulilipiwa dola 400 hivi. Rwanda, tangu 2017, ni dola 1,500.

Lakini mgeni anaangalia usalama mbele ya bei. Mwezi wa 5, 2018, watalii wawili Waingereza walitekwa, mlinzi wa hifadhi akauawa, na Virunga ikafunga milango miezi mingi. 2020 ikaja korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wenyewe ukalipuka, lava ikaunguza Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Kisha vita ya M23 ikaenea Rutshuru, na Januari 2025 ikafika Goma, uwanja ukafungwa.

Sasa wengi wanapangia ng'ambo ya mpaka: gorila Musanze, ufukwe Rubavu, na Nyiragongo wanaipiga picha kwa mbali. Huku Kibati na Munigi, kijana aliyezoea kubeba mizigo ya watalii anabaki na shamba ao biashara ya makala, na makala mengi yanatoka ndani ya hifadhi ileile.