Celica ya mwisho: gari la mbio lisilopewa heshima yake

UKISIMAMA kando ya barabara pale Amani, Unguja, jirani na uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1970, utahesabu Toyota za kila aina. Ukibahatika utaona moja ya milango miwili, fupi kwa kimo, pua imechongoka kama ya ngalawa. Hiyo ni Celica ya kizazi cha saba, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, na ndiyo ya mwisho.

Jina la Celica si geni Afrika Mashariki. Lilishinda Safari Rally mara nane kati ya 1984 na 1995, na ushindi wa 1994 ulikuwa wa Mkenya Ian Duncan. Sifa hizo ndizo zilizoiponza ya mwisho. Haina turbo, wala haivuti kwa magurudumu manne kama dada zake wa mashindano, hivyo wengi waliiona gari la maonyesho tu.

Wanaozimiliki huwa na maoni tofauti. Wanasema gari ni jepesi, linashika kona vizuri na stering inatii. Jambo la pili ni spea. Injini yake ndogo, 1ZZ-FE ya cc 1,800, ndiyo iliyofungwa katika Allion, Premio na Wish za cc hizo za miaka ya mwanzo ya 2000. Fundi aliyezoea magari hayo hatakuwa mgeni.

Injini kubwa ni 2ZZ-GE, iliyobuniwa pamoja na Yamaha, yenye nguvu za farasi 190 kwa gari la Japani. Kampuni ya Lotus ya Uingereza nayo iliifunga katika gari lake la Elise.

Hata hivyo, wamiliki hao hao hawafichi kasoro. Injini za 1ZZ-FE za mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba na ringi hunata. Mwenye gari asiyepima oili kila wiki anaweza kuua injini huku gari likionekana zima. Viti vya nyuma ni vya watoto, na tumbo la gari hulamba matuta.

Kwa Unguja kuna adui mwingine: chumvi ya bahari. Bodi inaweza kung'aa juu huku chini kumeliwa na kutu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa akiba yako, fanya haya. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, uliwashe mwenyewe na utazame bomba la moshi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Chomoa kijiti cha oili. Mwambie fundi alinyanyue gari achunguze chini. Kama ni 2ZZ-GE, lijaribu barabarani kwenye nafasi salama: injini ikipita mizunguko 6,200 kwa dakika, nguvu iongezeke ghafla. Isipoongezeka, huenda boliti za mfumo wa vali zimekatika au oili imepungua.

Gari lisilosifiwa huuzwa kwa bei ya kuelewana. Lakini bei hiyo ina faida kwa yule tu aliyetenga fedha za matengenezo kabla ya kununua. Asiyezitenga, Premio itamfaa zaidi.