Kaunta Mbili, Majibu Mawili

Chukua mawimbi ya 10 MHz kutoka jenereta moja ya maabara, uyapeleke kwenye kaunta mbili za frikwensi (si kaunta za baa, tulieni). Ya kwanza inasoma 10,000,000.4. Ya pili inasoma 9,999,987.6. Ya kwanza ni lile dude la zamani lililopauka, lenye namba nyekundu na feni inayopiga kelele. Ya pili ni mpya, ina skrini ya rangi na inashikika kwa mkono mmoja. Wengi wetu tunaandika jibu la ile mpya kwenye ripoti, tunakusanya, tunaenda kula. Lakini kwa kigezo gani?

Kaunta yenyewe haijui frikwensi. Kazi yake ni kuhesabu tu. Inafungua mlango kwa sekunde moja, inahesabu mawimbi yaliyopita, inafunga, inakuonyesha idadi. Sasa hiyo sekunde inaitoa wapi? Ndani kuna osileta ya rejea, mara nyingi ya 10 MHz, inayoendeshwa na kipande cha kwatsi, ndugu yake yule wa kwenye saa ya mkononi anayetetema mara 32,768 kwa sekunde. Kwatsi hiyo ikikosea kwa sehemu moja katika milioni, kila unachopima kinakosewa hivyo hivyo: hezi 10 kwenye 10 MHz, hezi 100 kwenye 100 MHz. Wingi wa tarakimu kwenye skrini hauponyi chochote. Ni uongo uleule, ila umeandikwa kwa kirefu.

Kwatsi hukosea kwa sababu mbili kubwa: joto na umri. Ndiyo maana watengenezaji wa zamani walikifungia kipande hicho ndani ya tanuri dogo linalokaa kwenye joto lilelile mchana na usiku. Osileta ya HP 10811, ambayo Hewlett-Packard waliiweka kwenye vifaa vyao vingi vya maabara, iliahidiwa kuhama kwa sehemu zisizozidi 5 katika bilioni 10 kwa siku, baada ya kuwashwa saa 24. Kaunta mpya ya bei rahisi, isiyo na tanuri, inaweza kuyumba mara maelfu ya hapo kwa sababu tu mtu kafungua dirisha. Kwa hiyo lile dude linalosubiri kuuzwa kama chakavu huenda ndilo lenye sekunde bora kuliko zote mle ndani.

Huenda, nasema. Kwa sababu tanuri linataka umeme muda wote. Kaunta nyingi za aina hiyo, hata ukizizima kwa swichi ya mbele, huendelea kulipasha tanuri moto mradi plagi ina umeme. Basi jioni teknishiani anapita, kwa nia njema kabisa, anazima swichi zote za ukutani. Asubuhi darasa linaanza kupima na kwatsi iliyopoa. Kinachohitajika hapo ni UPS na kikaratasi cha kuomba swichi hiyo iachwe.

Tutajuaje basi nani anasema kweli? Tangu 1967 sekunde ya kimataifa ni mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu-133. Saa ya sesiamu hatutanunua leo wala kesho, ila zipo saa za atomu zinazopita juu ya vichwa vyetu bure: setilaiti za GPS. Kipokezi chenye waya wa kutoa mpigo mmoja kila sekunde, pamoja na antena dirishani, ni kitu ambacho kikundi cha mradi kinaweza kuchangia hata kwa hela ya boom.

Uvumilivu ndio mtihani wenyewe. Tuseme mpigo huo unacheza kwa nanosekunde 50. Ukilinganisha kwa sekunde moja tu, shaka yako ni sehemu 5 katika milioni 100, mbaya kuliko osileta ya tanuri. Ukilinganisha kwa siku nzima, sekunde 86,400, nanosekunde zilezile 50 zinakuwa kama sehemu 6 katika trilioni 10. Yaani GPS ni nzuri kwa muda mrefu, kwatsi kwa muda mfupi. Zipo osileta zinazounganisha yote mawili, kwatsi ikivutwa polepole na setilaiti.

Ila kabla ya yote, kifaa kilicholala miaka kisichomekwe hivi hivi. Geuza uangalie nyuma: kama swichi ya volti iko kwenye 115, utasikia mlio na kunusa moshi. Fungua, na ukumbuke kapasita kubwa zinaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo pima kwanza kwa multimita. Kapasita za elektroliti za pawa saplai hukauka. Zile za karatasi za kuchuja umeme wa mains hupata nyufa na kunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani mimi ningezibadilisha bila kujadili. Tazama pia betri: ikivuja hula bodi, na kwenye vifaa vingine ndiyo inayoshikilia namba za kalibresheni, kwa hiyo nakili kwanza ndipo uing'oe.

Na ile skrubu ya kurekebisha osileta, iacheni kwanza. Linganisheni na GPS kila siku kwa wiki mbili, andikeni tofauti kwenye daftari, kisha bandikeni ubavuni tarehe na tofauti ya mwisho. Kaunta inayojulikana kuwa inazidisha hezi 0.4 kwenye 10 MHz inasahihishwa kwa kutoa, na atakayepima mwakani ataona kwenye daftari hilohilo imehama kiasi gani.